Kiolezo Kilichopigwa Muhuri

Kwa heshima niliyonayo, na ninayo nyingi, natangaza rasmi kwamba Ofisi ya Uratibu wa Maombi ya Wananchi, yenye makao yake Bariadi mjini, ilikuwa ya kwanza katika ukanda huu wote wa pamba kuajiri mtumishi asiyekula, asiyeumwa, asiyefiwa na mjomba kila Ijumaa, na asiyejua kusema hapana. Najua watu wanavyosema. Wapo wanaocheka mpaka wanashika mbavu. Lakini mimi, Constantine Zengo, niliyekuwa Afisa Mwandamizi wa Taratibu, ndiye niliyeyasimamia mafanikio hayo tangu yalipoanza mpaka yalipozidi kiasi. Kwa hiyo nisikilizeni mimi, msisikilize mtaa.

Kwanza muielewe hali ya nchi. Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na moja, milango ya biashara iko wazi. Zamani kila kitu kilikatazwa, kwa hiyo watu walikaa majumbani wakatulia. Enzi mpya ikasema kila kitu ruksa, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa ruksa, kila kitu kikahitaji kibali. Unataka kununua pamba, kibali. Unataka kuweka mashine ya kukoboa mpunga, kibali. Banda la video, kibali. Foleni yetu ilianzia dirishani, ikauzunguka mwarobaini, ikatoka getini mpaka kwa fundi baiskeli, na fundi baiskeli naye akaingia kwenye foleni kuomba kibali cha kuwauzia maji watu wa foleni.

Mimi ndiye niliyeidhibiti. Nilitunga kauli moja, fupi na yenye adabu: "Ombi lako linashughulikiwa. Njoo Alhamisi." Msidhani niliitunga hivi hivi tu. Alhamisi watumishi wote tulikuwa kwenye kikao cha wiki, na ajenda ya kwanza ya kikao ilikuwa namna ya kupunguza foleni. Mwananchi akija Alhamisi akakuta dirisha limefungwa, anaona kwa macho yake kwamba anafanyiwa kazi.

Nyuma ya kiti changu nilitundika cheti changu cha ualimu, Daraja A, kwenye fremu ya kioo, ili mwombaji ajue anaongea na msomi. Nilifundisha miaka minne nikaacha kwa sababu ya chaki. Vumbi lake linaingia kwenye kola, na mtu mwenye kola chafu hawezi kupanga mambo ya umma. Cheti lakini nilikipenda, na kila Jumatatu nilikifuta kwa kitambaa chenye maji.

Katika watu wa Alhamisi alikuwapo mama mmoja, Nyanjige, mwenyekiti wa kamati ya shule ya kijiji cha Mwashikamba. Nasema shule, ila kwa lugha ya taratibu yalikuwa majengo tu. Wanakijiji waliyajenga wenyewe. Wacheza ngoma wa Bagika walisimamisha darasa moja, Bagalu, wapinzani wao wa ngoma, wakaona wameaibishwa, wakasimamisha mawili na kuyaezeka bati. Yalikosa kitu kimoja, usajili, na bila usajili hapaji mwalimu. Watoto wakawa wanavuka mto kwenda shule ya kijiji cha pili, na mvua zikija mto haupitiki, wanakaa nyumbani. Nyanjige alikuwa na mjukuu, Kija, aliyefika miaka kumi bila kumaliza hata darasa la kwanza, kwa sababu kila mwaka mto ulimrudisha mwanzo.

"Mwangaluka baba," alikuwa akinisalimu.

"Mwangaluka mayu."

"Shule yetu?"

"Inashughulikiwa."

"Alhamisi?"

"Alhamisi."

"Wabeja," anasema, anashukuru kwa Kisukuma chake, anafunga khanga yake yenye michembe, viazi vikavu vya kula njiani, anarudi mwendo wa saa nne kwa miguu. Miaka sita. Sikuwa na ubaya naye hata chembe. Faili lake nililiona kila siku, maana lilikuwa limewekwa chini ya mguu wa meza yangu ili meza isiyumbe. Faili lilikuwa kazini kuliko watumishi wengi niliowajua.

Basi, ndipo akaja Gloria Magese. Binti wa kutoka Nyashimo, amesoma Dar es Salaam, kaletwa na wafadhili wa Programu ya Maboresho pamoja na kompyuta mbili na mashine ya kuchapa iliyokuwa ikilia kama panya kwenye kibati. Mratibu Mkuu wetu, Bwana Luhende, alituita sote ukumbini tumsikilize.

"Nitawawekea seva," alisema Gloria.

"Seva ni nini, binti?" aliuliza Bwana Luhende.

"Ni kama karani wa dirishani, mzee, ila yuko ndani ya kompyuta. Anakaa anasubiri. Ukimpa ujumbe anaupokea, anaufanyia kazi, anakujibu, halafu anarudi kusubiri."

"Anarudi kusubiri?"

"Ndiyo mzee. Muda mwingi anasubiri."

"Huyo anatufaa," alisema Bwana Luhende, na wote tukakubali kwamba anatufaa.

Gloria akaeleza kwamba makarani wa aina hii mwanzoni hufanana wote, kwa hiyo mtu haandiki kila mmoja upya. Kuna kiolezo, yaani mifupa iliyokwisha kuandikwa, kurasa nne tu. Hapa karani anaamka. Hapa anaulizwa jambo na lazima ajibu. Hapa anaambiwa jambo na haulizwi kitu. Hapa panapokelewa makelele mengine. Hapa anafunga kazi. Unachukua nakala, unajaza nafasi zilizo wazi kwa kazi za ofisi yako, umepata seva. Ukitaka nyingine, unachukua nakala nyingine.

"Na mtu asipojaza?" niliuliza, kwa kuwa mimi hupenda kujua yasiyo ya lazima.

"Akiachwa mtupu hivyo hivyo, anajibu 'sawa' kwa kila anachoulizwa. Hiyo ni ya kujaribia tu, mzee Zengo, uone kama mtambo unawaka."

Akaongeza kwamba lugha yenyewe si kama nyingine. Kila kitu humo ni kanuni, unaingiza hiki kinatoka kile, kama mashine ya kusaga. Na jina likishapewa kitu, limepewa. Huwezi kurudi nyuma ukakipa kitu kingine jina hilo. Hapo nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Nusu ya maisha yangu nilikuwa nawaelimisha watu juu ya jambo hilo hilo na hakuna aliyenielewa, kumbe mashine zilishaelewa.

"Sasa niambieni nyinyi," alisema Gloria akifungua daftari. "Mtu akiomba kibali, ofisi inafanya nini?"

Tulimtazama Bwana Luhende. Bwana Luhende aliitazama feni, na feni ilikuwa mbovu.

"Tunashughulikia," alisema.

"Kwa namna gani, mzee?"

"Kwa kina."

Gloria aliandika kidogo, akafuta. Swali likapelekwa kwenye kamati.

Kamati ilikaa wiki tatu. Haikufika kwenye swali hilo, kwa sababu Gloria alikuwa ametaja jambo jingine lililowagusa wajumbe moja kwa moja. Alisema kwamba juu ya seva hukaa mnyapara. Mnyapara huyu hafanyi kazi yoyote ya wananchi. Yeye anawaangalia wanaofanya, na mmoja akianguka anamsimamisha upya. Basi! Wakuu wa idara wote wakataka unyapara. Mchoro wa Gloria ulikuwa na mnyapara mmoja na makarani sita. Tulipomaliza kuuboresha ulikuwa na wanyapara kumi na mmoja wanaoangaliana, na karani mmoja chini kabisa.

"Wazee, kazi ataifanya nani?" aliuliza Gloria.

"Huyo wa chini," nilimjibu. "Ndivyo ofisi zilivyo, binti."

Sasa hapa pana jambo ambalo watu wa mtaani hulipotosha, nami nataka liandikwe vizuri. Wafadhili walitangaza kwamba Ijumaa watakuja kuona mtambo. Mimi nikachapisha zile kurasa nne, nikazipeleka kwa Bwana Luhende zipate idhini. Akazipiga muhuri, kila ukurasa, juu na chini. Nilizirudisha kwa Gloria nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

"Asante mzee," alisema. "Kesho nitakaa na watu wa idara tujaze nafasi hizi."

"Nafasi zipi?"

"Hizi zilizo wazi."

"Binti," nilimwambia taratibu, kwa kuwa vijana lazima waelekezwe, "hati ikishapigwa muhuri haiongezwi neno. Ukiongeza neno chini ya muhuri, hiyo ni kughushi. Nimeandika mwenyewe Waraka Namba Moja juu ya jambo hilo."

"Lakini ni tupu!"

"Ni tupu iliyoidhinishwa."

"Mzee Zengo, itajibu 'sawa' kwa kila mtu. Mtu akiomba ng'ombe wako itasema sawa. Tuchukue basi nakala nyingine, kiolezo hakiishi, tujaze hiyo halafu ndiyo ipigwe muhuri."

"Na hii yenye muhuri tuitupe? Muhuri wa Mratibu Mkuu jalalani?"

Alinisihi mara tatu, na mara ya tatu alikaribia kulia. Nilimwonea huruma, kweli, lakini huruma haina waraka. Nikamwambia kwamba tangu nipate akili naona wakubwa wakitafuta mtumishi wa kusema sawa, na leo tumempata, yeye anataka kumharibu.

Ijumaa wafadhili walikuja. Wakauuliza mtambo: Je, mnazingatia uwazi? Ukajibu sawa. Uwajibikaji? Sawa. Ushirikishwaji wa wananchi? Sawa. Wakapiga picha nyingi, wakala kuku, wakaondoka wameridhika. Bwana Luhende naye akaondoka kesho yake kwenda semina ya wiki tatu Arusha, na kwa kuwa alikuwa kiongozi makini alituachia rimu mbili za karatasi zenye nembo, kila moja imekwisha kupigwa muhuri na kutiwa saini, ili kazi isisimame. Karatasi hizo nikaagiza ziwekwe kwenye mashine ya kuchapa.

Jumatatu tukafungua dirisha. Gloria alikuwa anaandika ombi la mtu, anabonyeza, panya analia kwenye kibati, karatasi inatoka: jina la mwombaji, ombi lake, na chini yake "Sawa", muhuri, saini.

Wa kwanza alikuwa fundi baiskeli. Alisoma karatasi yake mara mbili, akaigeuza nyuma kutafuta ubaya. Wa pili aliomba kufungua kilabu cha pombe karibu na kanisa; sawa. Wa tatu alikuwa katekista, akaomba kilabu cha pombe karibu na kanisa kifungwe, sawa. Wakatoka nje wanaoneshana karatasi zao, wakapatana wenyewe kwamba kilabu kiwe wazi siku sita na Jumapili kifungwe. Nililiandika hilo kwenye taarifa ya wiki kama mfano wa usuluhishi.

Kufikia saa sita mchana habari zilikuwa zimefika sokoni. Mzee Mashimba, mkulima wa pamba mwenye ulimi mkali kuliko viwembe vyote vya dukani, aliinama dirishani akanitazama kwanza mimi, halafu kompyuta.

"Huyu ndiye anayekubali?"

"Anaratibu," nilimsahihisha.

"Haya. Mwandikieni hivi: naomba Mratibu Mkuu mwenyewe akae dirishani hapa kila Alhamisi, kuanzia saa mbili mpaka saa tisa, asiende kikao."

Nilicheka. Gloria aliandika. Panya akalia. Sawa. Mzee Mashimba aliikunja karatasi ikawa ndogo kabisa, akaiweka ndani ya kofia, akaivaa. Nikaacha kucheka.

Jioni, tukikaribia kufunga, akafika Nyanjige. Haikuwa Alhamisi. Alikuwa amesikia njiani, ametembea haraka, khanga imelowa jasho mgongoni.

"Mwangaluka..." alianza kunisalimu, akaona jua linazama, akajirekebisha, "mwadila baba. Shule yetu?"

Mdomo wangu ulishafunguka kusema ile kauli. Gloria akawahi.

"Sema mwenyewe mayu, naandika. Shule gani, iko wapi, unaomba nini."

Alisema pole pole, kila neno mahali pake, kama mtu aliyelikariri ombi miaka sita. Mashine ikalia. Gloria alimsomea: "Shule ya Msingi Mwashikamba isajiliwe. Sawa."

"Alhamisi?" aliuliza Nyanjige.

"Siyo Alhamisi mayu. Imekwisha. Ndiyo hii."

Yule mama alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya kibarazani. Alilia, na kilio chake hakikuwa na kelele. Halafu akainuka ghafla akapiga kigelegele kimoja kirefu mpaka watu wa stendi wakageuka. Nami, naomba ieleweke kwamba nilikuwa na mafua siku ile, nilitoa leso.

Kwenye ofisi ya elimu walipoiona karatasi hawakuuliza swali. Wangeuliza nini? Muhuri upo, saini ipo. Wakaingiza shule daftarini, wakaipa namba. Lakini wakamwambia ukweli mmoja: walimu hakuna. Shule itasubiri.

Juma lililofuata Nyanjige akarudi dirishani na Kija amemshika mkono, mtoto mwembamba mwenye macho ya kuhesabu vitu.

"Wanasema shule ninayo, mwalimu sina," alimwambia Gloria. "Huyu wenu anaweza kunipa mwalimu?"

"Anaweza kusema sawa mayu. Ila umtaje mwalimu kwa jina. Nikiandika 'mwalimu' tu, hatakwenda mtu."

"Mimi walimu nawajulia wapi?"

Nyanjige aligeuza macho chumbani. Kija naye akageuza. Mtoto ndiye aliyenyoosha kidole juu ya kichwa changu, akamuuliza bibi yake kwa Kisukuma ile picha isiyo na mtu ni ya nini. Bibi hakujua kusoma. Gloria alijua. Alisoma kwa sauti, tena taratibu kuliko ilivyohitajika: "Cheti cha Ualimu, Daraja A. Constantine Zengo."

"Kumbe!" alisema Nyanjige, akanitazama kwa furaha ya kweli, bila kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. "Kumbe baba ni mwalimu! Miaka yote hii nimesimama mbele ya mwalimu!"

"Mayu, mimi kwa sasa ni Afisa Mwandamizi wa..."

Panya akalia kwenye kibati.

Nilikimbilia kompyuta. Nilimwambia Gloria afute. Alisema haifutiki, jina likishapewa kitu limepewa, na kwamba mimi ndiye niliyesimama kupiga makofi. Nikasema basi tuandike jingine juu yake. Akafungua kabati, akatoa Waraka Namba Moja, akaniwekea mezani mbele yangu. Umeandikwa vizuri mno. Nilitafuta mwanya mpaka ofisi ikafungwa nisiuone, maana nilipouandika niliziba yote.

Bwana Luhende alirudi kutoka Arusha akakuta mwarobaini wake wa kuegeshea gari una wauza mahindi ya kuchoma sita, wote wana vibali. Akaita kikao cha dharura. Alikuwa mwekundu kwenye macho.

"Nani alileta mtambo huu?"

"Wafadhili," tulisema.

"Nani aliutia muhuri?"

Tuliangalia chini. Akakumbuka, akapita haraka.

"Tengueni yote!"

Gloria akasimama. "Mzee, kutengua tunaweza kwa barua mpya. Lakini barua mpya itasema kwamba muhuri wako na saini yako, karatasi mia tisa na kumi, havikuwa na maana. Na nakala itakwenda kwa wafadhili, ndivyo mkataba unavyosema."

Bwana Luhende alikaa. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akifikiri.

"Muhuri wangu una maana," alisema mwishoni.

"Mkuu, na uhamisho wangu?" niliuliza.

"Zengo, huo waraka wa kutobadilisha hati ni wa nani?"

"Wangu, mkuu."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema, na watu wakacheka kwa utii. Yeye mwenyewe hakucheka sana. Mzee Mashimba alikuwa amesimama mlangoni, anavua kofia.

Kabla ya kuondoka nilikabidhi ofisi kwa taratibu zote. Gloria akaja na daftari lake lile lile. Alisema Mratibu Mkuu sasa amekubali ichukuliwe nakala mpya ya kiolezo, isiyo na muhuri, ijazwe kwanza. Watu wa foleni walikuwa wamekwisha kukaa naye chini ya mwarobaini, wakamweleza wanavyotaka maombi yao yajibiwe: ndani ya siku saba, na ombi likikataliwa sababu iandikwe. Ilibaki nafasi moja tu ya kujaza, ya maombi ya watumishi wenyewe.

"Hiyo wewe mzee ndiye mtaalamu," alisema. "Nisomee taratibu, niandike neno kwa neno."

Nilifarijika sana. Hatimaye mtu alikuwa ananiuliza kazi ya ofisi. Nilisimama, nikafunga mikono nyuma, nikamsomea taratibu nzima nilizozitunga kwa miaka yangu yote ya utumishi. Aliandika bila kufuta hata herufi moja. Kisha akachapisha, ikapigwa muhuri.

Mwashikamba walinipokea kwa bugobogobo, ngoma ya majembe. Vijana wanarusha majembe hewani wanayadaka, ngoma zinatikisa mahindi shambani, na mimi katikati nimevaa suti, nimeshika fremu yangu. Waliitundika darasani kabla hata ya kunionesha pa kulala. Watoto walikuwa themanini na saba. Wengine walikuwa na ndevu zinazoanza.

Sitadanganya, chaki bado inanisumbua kwenye kola. Lakini Kija amemaliza kitabu cha darasa la kwanza kwa wiki tisa, sasa anamsomea bibi yake ile barua ya usajili kila jioni, na bibi anaomba arudie pale penye "Sawa". Siku ya kwanza aliponisomea mstari mzima bila kukwama nilitoka nje kidogo. Yale mafua yalikuwa yamerudi.

Hata hivyo mimi ni mtu wa taratibu, na nina haki zangu. Muhula ulipofungwa niliandika ombi la kurudishwa ofisini, nikapanda baiskeli mpaka mjini. Foleni ilikuwa fupi, watu watano. Dirishani alikuwa amekaa Bwana Luhende mwenyewe, tai imelegea, maana ilikuwa siku yake.

"Mwangaluka mkuu," nilisema.

"Ah, Zengo." Alilipokea ombi langu, akampa Gloria, Gloria akaandika. Panya akalia. Bwana Luhende alichomoa karatasi, akaisoma, akanitazama kwa masikitiko ya mtu anayejua.

"Linashughulikiwa," alisema. "Njoo Alhamisi."

"Mkuu, leo ni Alhamisi!"

Aliiangalia tena karatasi kuhakikisha. "Haisemi ipi," alisema. "Nani kaandika taratibu hizi?"

Gloria aliinama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Ndiyo, nimekwenda Alhamisi kumi na nne mpaka sasa. Siku za masomo naondoka baada ya kengele ya mwisho, ili mtu asiseme nimetoroka watoto, na mara nyingi nafika dirisha likiwa limefungwa. Juzi nilipokuwa najaza tairi upepo, Nyanjige alikuja na kifurushi cha khanga, akakifunga kwenye kiti cha nyuma bila kuniuliza.

"Michembe, mwalimu," alisema. "Kula ukifika pale kwenye daraja la barabara kuu, usile mapema. Hii safari ya Alhamisi mimi naijua."